Senti ya Birika Shingoni mwa Salma

Usiku wa ndoto yenyewe nililala mapema, na nililala na woga. Haukuwa woga wa wezi wala wa wachawi. Nilikuwa nikimhofia mjukuu wangu Salma, ambaye kwa muda sasa alikuwa amenyamaza. Mtoto anayeota meno hulia, hung'ata kila anachokamata na kuiamsha nyumba nzima. Huyu wetu alikuwa ameacha kulia. Uji aliukataa, tumbo likimkamata alijikunja tu, uso ulimpauka, na akiwekwa mkekani alitazama mbele kama mzee aliyechoka. Zahanati walimpima malaria, hawakuiona. Wakatupa dawa ya minyoo, tukampa, na hali ikabaki ile ile. Mama yake, Mwajuma, mke wa mwanangu, alikuwa ameanza kunikwepa kwa macho. Nilijua sote wawili tunafikiria neno moja, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitamka.

Nyumba yetu iko Tabora, upande wa reli. Mke wangu alikwisha kufariki, na mwanangu ni dereva wa malori, akiondoka ameondoka. Kwa hiyo tulikuwa tumebaki mimi, Mwajuma na mtoto, na heshima baina yangu na mkwe wangu ilikuwa ya kulindwa kila saa. Chumba chake kina pazia la maua mlangoni, na tangu aolewe sikuwahi kulivuka. Nikitaka kumpakata mtoto, naletewa sebuleni. Nikiwa na la kusema, nakohoa kwanza ukumbini, nangoja aitike. Ndivyo nilivyolelewa: baba mkwe haingii anapolala mke wa mwanawe, hata kama paa linavuja.

Sasa niseme habari ya kile alichovaa Salma shingoni, maana bila hicho ndoto yangu haina kichwa wala miguu. Mimi hukusanya senti za duka. Zamani, wakati wa vita ya Mjerumani, sarafu zilipotea madukani, na wenye maduka wakakosa chenji ya kumrudishia mteja. Basi kila mmoja akakata vipande vyake vya chuma, akavipiga chapa yake, huyu nyota, yule kisu, mwingine kichwa cha mbuzi, akawapa watu badala ya senti za serikali. Kipande cha duka hili hakikupokelewa duka lile. Vita ilipokwisha, vikakosa kazi. Vilivyosalia vimo kwenye makopo ya vifungo ya mabibi, kwenye vifusi vya nyumba zilizoanguka, na kwangu. Watu wamenicheka mpaka wamechoka. Mwanangu mwenyewe huniuliza kama vinaweza kununua hata kibiriti.

Aliyeniambukiza ugonjwa huu alikuwa marehemu Sefu. Alikuwa Mzaramo aliyeletwa Tabora na kazi ya reli, akanogewa, akabaki. Mimi ni Mnyamwezi, na makabila yetu ni watani tangu enzi za misafara, kwa hiyo Sefu alikuwa na ruhusa ya kunifanyia lolote, na aliitumia yote. Aliingia chumbani kwangu bila hodi na kuondoka na suruali yangu. Siku tulipomzika mke wangu, kabla maiti haijashushwa, alirukia kaburini akajilaza chali, akasema hatoki mpaka nimpe senti yangu ya duka yenye nyota, ambayo alikuwa ameimezea mate muda mrefu. Watu walicheka katikati ya vilio. Nilimpa. Katika urafiki wetu wote sikumbuki aliniambia jambo lolote bila kulitia mzaha, na nilimpenda hivyo hivyo.

Sefu alikuwa na desturi moja. Kila senti ya duka iliyofika mkononi mwake aliidondosha kwenye saruji ya kizingiti, akatega sikio. Shaba ilimwitikia kwa mlio mrefu, bati kwa mlio mfupi, mkavu. Zilikuwepo na nyingine zisizolia kabisa, zinaanguka puu, kwisha. Hizo zilikuwa za risasi, madini yale mazito yaliyomo kwenye betri za magari. Alisema wenye maduka waliokosa shaba walibandua risasi iliyozungushiwa ndani ya makasha ya majani ya chai, wakaiyeyusha. Hizo Sefu aliziweka peke yake kwenye kopo lenye mfuniko, juu kabisa ya kabati, na akishazigusa alinawa. Nikimuuliza sababu, alisema zinanuka Kinyamwezi. Nami nikacheka, sikuuliza zaidi.

Baada ya Sefu kufa, nilinunua kopo la vifungo kwa mama mmoja wa mjini, na ndani yake nikaikuta senti yenye chapa ya birika. Sijawahi kuona nyingine kama ile, wala Sefu hakuwahi kuitaja. Ilikuwa ya kijivu, na upana wa kifungo cha koti. Tundu lake lilikuwa katikati, na lile birika lilichongwa vizuri hadi mdomo na mkono wake vilionekana. Sikuidondosha. Nani aidondoshe kwenye saruji senti ya pekee, ibonyee ukingo? Nilijiambia ni bati, nikaridhika, na kwa wiki nzima nilikuwa nikiitoa na kuitazama.

Salma alipoota jino la kwanza, mama mzazi wa Mwajuma alikuja kutoka Nzega na uzi mweusi. Kwao mtoto huvishwa shingoni sarafu yenye tundu ili meno yatoke kwa amani na jicho la watu lisimpate. Akaniomba sarafu. Nilikuwa nazo za kawaida tele, zile senti za zamani zenye tundu, lakini majivuno yalinishika. Nilitaka mjukuu wangu avae kitu ambacho hakuna mtoto mwingine anacho. Nikatoa ya birika. Bibi yule akaifunga kwa mafundo, akatuambia uzi ule haukatwi na mtu, utakatika wenyewe siku yake ikifika, na atakayeukata amemtoa mtoto kinga. Salma akaitia mdomoni pale pale na kutulia. Tulifurahi sana.

Basi usiku huo nikasinzia, nikimsikiliza Salma na kusikia kimya. Na mara ni mchana.

Ulikuwa mchana mkali usio na kivuli. Niko ukumbini kwangu, mlango uko wazi, na kwenye kizingiti ameketi Sefu na koti lake la kahawia, mgongo ameniachia mimi. Sikushangaa kumwona. Nilichofikiria ni kwamba ni zamu yangu kumchokoza, kwa sababu safari ya mwisho alinichokoza yeye.

"Mzaramo," nikamwambia, "hata huko wamekuchoka?"

Hakujibu. Nikangoja aniambie kuwa huko Wanyamwezi ndio wanaobeba maji, au lolote la namna hiyo. Akageuka, akanitazama, na uso wake haukuwa na mzaha hata kidogo. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Ningeona mtu asiye na kichwa nisingeogopa hivyo. Sefu alikuwa amekufa na nilimzika, hilo nililizoea, lakini Sefu asiyetania sikuwahi kumwona na sikujua ni nani.

Alisimama akaenda, nami nikamfuata. Tunapita mtaa ambao ni wa kwetu na si wa kwetu, nyumba zina baraza ndefu, na miguu yetu haitimui vumbi. Mbele kuna duka. Wanawake wamejipanga nje, wengi, na kila mmoja ana mtoto mkononi, na hakuna anayesema na mwenzake. Hakuna mtoto anayelia. Nikatamani mmoja alie. Mwanamke akifika mbele, anautia mkono mdomoni mwa mtoto wake, anatoa kipande kilicholowa, anakiweka juu ya meza ya duka. Kinaanguka juu ya mbao bila sauti. Anayefuata naye anatoa, anaweka. Hakuna sauti.

Mwenye duka sikumwona uso, rafu ilimziba. Niliona mikono yake tu. Mkono mmoja umeshika birika, na anamimina kwenye vikombe vidogo, na kinachotoka si chai. Ni kizito, cha kijivu, kinang'aa, kinashuka polepole. Wale watoto wamekalishwa juu ya meza, safu moja, na wanakunywa. Wanapenda. Wanayashika mate yao kwa ndimi wasipoteze tone. Mtoto aliyekuwa karibu yangu alipiga mwayo, nikaona kwenye ufizi wake mstari wa kijivu, umenyooka, kama uliochorwa kwa penseli.

Nikaanza kumtafuta Salma. Naenda kutoka mtoto hadi mtoto, nawageuza nyuso, na wote wamepauka, wote wananitazama kwa utulivu ule ule ninaoujua. Najaribu kumwita mwenye duka nimwambie aache. Mdomo unafunguka, neno halitoki. Salma hayumo.

Nyuma ya duka kuna mlango, na kwenye mlango kuna pazia la maua.

Nalijua pazia hilo. Na nyuma yake nasikia mtoto akinyonya kitu, taratibu, bila haraka. Nikasogea mpaka kitambaa kikanigusa pua. Nikakohoa. Hakuna aliyeitika. Nikakohoa tena, kwa adabu, kama ninavyokohoa kila asubuhi, na kule ndani kunaendelea kunyonywa. Sefu amesimama ubavuni kwangu.

"Ingia," akasema.

"Siwezi. Ni chumba cha mkwe wangu."

"Ingia."

"Ingia wewe," nikamwambia. "Wewe ni mtani, huna mlango uliofungiwa."

Akaunyoosha mkono kulishika pazia. Vidole vikapita ndani ya kitambaa na kitambaa hakikutikisika. Akavitoa, akavipitisha tena, anionyeshe. Nikaelewa kwamba amekwisha kujaribu kabla ya kunifuata mimi, labda mara nyingi, na kwamba amekuja kwangu kwa kukosa njia nyingine. Jambo hilo lilinitisha kuliko duka lote.

Nikageuka nimwambie nitamwita Mwajuma, atoke, atuletee mtoto sebuleni kama kawaida. Lakini hakuna duka tena. Tuko makaburini, ni siku ya mke wangu, watu wamezunguka na kanga zimefunika vichwa. Nilijua kinachofuata, na moyo ukanitulia kidogo, kwa kuwa siku ile Sefu alituchekesha. Nikamtafuta. Kumbe ameshashuka kaburini, amejilaza. Nikachungulia nimwambie atoke, Mzaramo, watu wana huzuni.

Kaburi ni fupi. Sefu hakuenea. Amejikunja, magoti yamefika kidevuni, na bado kichwa kinagusa udongo upande huu na nyayo zinagusa udongo upande ule. Waliozunguka hawacheki. Ninajipapasa mfukoni nimpe senti ya nyota ili atoke upesi, na mkononi inakuja ya birika, imelowa. Nikamtupia. Niliiona ikishuka, nikaiona ikifika, na sikusikia kitu. Sefu akaitazama pale ilipoangukia, kifuani mwake, kisha akanitazama mimi.

"Hili si langu, Mnyamwezi," akasema.

Nataka kurudi nyuma na miguu imekwama. Najua ni la nani. Nilijua tangu nilipochungulia, kwa ule urefu wake, na nikajifanya sijui. Sefu akainuka polepole, akaketi, uso wake ukawa karibu na wangu, na nikaona kwamba analia. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku alipofiwa na mama yake alikuwa akitania.

"Leo sina utani," akasema. "Ingia, umvue."

Niliamka nimeketi. Adhana ya alfajiri ilikuwa ikimalizikia, dirisha limeanza kuwa jeupe, na shuka lote lilikuwa limelowa jasho. Nikashusha miguu. Nilikuwa mzee mzima ninayeogopa kutoka chumbani mwangu.

Nikafika ukumbini, nikasimama mbele ya pazia la maua. Nikakohoa. Kimya. Mwajuma alikuwa hajalala vizuri kwa siku nyingi na usingizi ulikuwa umemwangusha. Nikakohoa tena. Nikasema, "Mama Salma." Hakuitika. Na kutoka ndani nikasikia mtoto akinyonya kitu, taratibu, bila haraka.

Sijui watu wengine wanakionaje kitambaa kwenye mlango. Kwangu mimi kilikuwa kizito. Nilimkumbuka baba yangu, nikawakumbuka wazee wote walionifunza, nikawaza Mwajuma akifumbua macho na kunikuta nimesimama juu ya kitanda chake, na mwanangu yuko safarini, na jirani atasema nini. Yote hayo niliyawaza. Kisha nikalisogeza, na lilisogea kirahisi tu, nikaingia.

Salma alikuwa macho. Amelala ubavuni mwa mama yake, anatazama dari, uzi umenyooka kutoka shingoni hadi mdomoni. Nikamtia kidole mdomoni nikaitoa senti. Ilikuwa ya moto kwa joto lake. Nikauvuta uzi, haukukatika, yule bibi wa Nzega alijua kufunga. Mkasi sikujua uko wapi, na kurudi nje kuutafuta nilihisi sitapata ujasiri wa kuingia mara ya pili. Nikainama nikautafuna uzi kwa meno yangu machache, na katika kuutafuna ile senti ikanigusa ulimi.

Ilikuwa tamu. Si sana, ni kama maji yaliyosuuza kikombe chenye sukari. Chuma hakipaswi kuwa kitamu. Nilitema mate hapo hapo sakafuni kwa mkwe wangu, na nikaelewa kwa nini Sefu alikuwa akinawa mikono.

Mwajuma akashtuka. Akavuta kanga mpaka kidevuni, akasogea ukutani na mtoto wake.

"Baba?" akasema. Sauti yake iliniuma.

"Nisamehe, mwanangu. Nimekohoa, hukusikia." Nikageukia ukuta ili nisimtazame. "Nimemvua ile senti. Sefu kanijia."

"Sefu yupi?"

"Marehemu."

Nilisikia akipapasa shingo ya mtoto, akiutafuta uzi.

"Mama alisema usikatwe, baba."

"Alisema. Nitakwenda Nzega nimpigie magoti mwenyewe. Hii si bati, Mwajuma. Hii ni risasi, sumu ile iliyo kwenye betri za magari, na ni mimi niliyempa. Miezi yote hii ananyonya hiyo."

Hakulia na hakunilaumu, ingawa ningependa anilaumu. Aliniuliza lile neno ambalo tulikuwa tukilizunguka.

"Atakufa?"

"Sijui," nikamwambia. "Jifunge kanga, twende hospitali sasa hivi. Tuwaambie alikuwa ananyonya nini. Sisi tulikuwa tunawaambia meno."

Nikatoka, nikamngoja nje. Alipokuja alinikabidhi mtoto, akafunga mlango, tukashika njia ya hospitali. Ile senti nilikuwa nimeifumbata kwenye ngumi nimwonyeshe daktari. Salma hakulia nilipomvua, na njiani hakulia. Alikuwa ameegemea kifua changu, macho kwenye ngumi yangu, na kwa vidole vyake vidogo alikuwa akivifungua vyangu, kimoja, kisha kingine, polepole, akiitafuta.